Ua Umehamia Juu ya Paa

Nikisema naishi Kariakoo, watu huona nimekosea kusema. Wananirekebisha kwa upole: "Yaani una duka Kariakoo." Sina duka. Nalala Kariakoo, naamka Kariakoo, na siku ya uchaguzi napanga foleni Kariakoo. Wakishaamini, pole zinaanza kumiminika. Mnalalaje na kelele zile? Watoto wanachezea wapi? Na joto? Baada ya pole unafuata ushauri wa kiwanja, maana Dar es Salaam ya leo kila mtu ana dalali wake: kuna Chanika, kuna Mbopo, kuna Kigamboni ya ndani kabisa, na siku hizi hata Bagamoyo wanaiita "hapo tu".

Sijaenda. Wala sitaki kuandika hapa kama wale wanaousifia mji kwa namna ambayo unajua kabisa hawajawahi kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tano na ndoo ya maji kichwani. Kubanana kuna adha zake na nitazisema. Ila naona Kariakoo inasingiziwa. Watu walikuwa wengi mahali padogo hapa tangu bibi yangu hajavunja ungo, na waliishi vizuri tu. Kilichoharibika ni kile kipande kilichokuwa katikati ya mlango wa chumba chako na barabara ya watu wote. Na kimeharibika kwa sababu kina bei nzuri.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita. Ukiijua moja ya hizo umezijua zote: mlango wa mbele katikati, ukumbi unaokwenda moja kwa moja mpaka nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kisha unatokea uani kwenye choo, bafu, jiko na bomba. Bibi aliongeza banda la vyumba viwili huko nyuma, hivyo hesabu ikawa vyumba vinane, lakini mtaani tuliendelea kuitwa wa vyumba sita. Mbele kulikuwa na kibaraza cha saruji kilichosuguliwa na makalio ya watu mpaka kikang'aa.

Humo mlikaa kaya saba, nyingine za mtu mmoja, nyingine za watu sita. Bibi, Mmanyema aliyerithi nyumba kwa mama yake, alikaa chumba cha mbele kulia ili amwone kila anayeingia na anayetoka. Kushoto kwake alikaa fundi cherehani, ambaye mashine yake ilishinda kibarazani. Mita ya umeme ilikuwa moja, kwa hiyo pasi na friji vilikuwa chanzo cha ugomvi wa kila mwisho wa mwezi. Bomba moja, choo kimoja, zamu za kufagia ua zikiandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko. Siku ya Simba na Yanga bibi alikataza mtu yeyote kuzungumzia mpira ukumbini. Anayetaka kushangilia aende barabarani, maana klabu zote mbili zipo kwa miguu, huku Msimbazi na kule Jangwani.

Kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima ni jinsi nyumba ile ilivyowapanga watu. Mkusanyaji wa kodi wa manispaa aliishia kibarazani, akaletewa kiti na maji. Muuza samaki alizunguka nyuma akafika uani, akaparua changu zake pale pale kwenye kijiwe cha kufulia, akijua habari za nyumba nzima, lakini ukumbini hakuwahi kukanyaga. Posa ya shangazi yangu mkubwa ilipokelewa ukumbini, mkeka umetandikwa kutoka mlango hadi mlango na wapangaji wote wameombwa watumie njia ya nyuma. Chumbani aliingia ndugu, au mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Watu zaidi ya ishirini chini ya bati moja, na kila mmoja alijua umbali wake na mwenzake bila ukuta kuongezwa. Faragha ile haikutokana na nafasi, maana nafasi haikuwepo. Ilitokana na hatua: barabara, kibaraza, ukumbi, ua, chumba. Ukitaka kumkwepa mtu, ulisogea hatua moja tu.

Waliouchora mtaa huu hawakuwa wakitufikiria raha zetu. Wajerumani mwaka 1891 walitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba, na kwa vitendo ikawa kuugawa kwa rangi ya mtu. Karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia wakaanza kulipanga eneo hili liwe la Waafrika. Waingereza wakaja wakaweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao (Carrier Corps, jina ambalo midomoni mwetu likawa Kariakoo), kisha wakauendeleza mpango ule wa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo vya kutosha nyumba moja na ua wake. Kati yetu na Uhindini wakaacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ili watu wasisogeleane. Ukanda uliotengwa ututenge ndiyo leo bustani ya karibu ambayo mwanangu anaweza kukimbia bila kuangusha meza ya mtu.

Lakini kibaraza na ua vilifanya kazi ambazo hakuna afisa aliyezipanga. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 hapa hapa, kwenye barabara ambayo sasa tunaiita Lumumba. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake, alikuwa msimamizi mkuu wa soko la Kariakoo. Bibi Titi Mohamed alikuwa tayari anajulikana kwa kuongoza ngoma ya Bomba, na alipoanza kuwaandikisha akina mama alipitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma. Huwezi kuwa na kikundi cha ngoma bila ua wa mtu. Bibi yangu alipenda kusema kadi yake ya TANU hakuifuata popote. Aliletewa uani akiwa anakuna nazi, akafuta mkono kwenye kanga akaipokea. Huenda alitia chumvi kidogo. Ila sidhani mtu angempandishia kadi hiyo ghorofa ya tano.

Ghorofa zilianza kuota mwishoni mwa miaka ya 1990, na miaka ya 2000 zikashika kasi. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mizigo ya Dubai na baadaye ya China ikawa inateremkia hapa, na wanunuzi wakawa wanatoka Kongo, Zambia, Malawi, Komoro, Burundi. Mtu akitoka Lubumbashi kuja kununua nguo za jumla hana shida na kibaraza cha kukalia. Anataka fremu, stoo na gesti. Kiwanja cha nyumba ya vyumba sita kikawa dhahabu, na mwenye kiwanja akawa mtu wa kuamkiwa na watu asiowajua.

Kwetu ilikwenda kama ilivyokwenda kwa wengi. Bibi alipofariki warithi tukawa wengi kuliko vyumba. Akaja mwekezaji, mtu mstaarabu tu, akatoa pendekezo la ubia: anavunja, anajenga ghorofa nane kwa fedha zake, za chini anachukua yeye, na familia inapata fleti juu. Vikao vilichukua miaka. Wajomba waliotaka kuuza moja kwa moja walinunuliwa sehemu zao; waliobaki wakasaini. Kwa hiyo leo naishi ghorofa ya tano, juu kabisa ya mahali palipokuwa na bomba letu, nikikadiria vizuri.

Sijutii kusaini. Bati la bibi lilikuwa limeoza, choo kilifurika kila masika, na mapenzi ya nyumba ya zamani hayalipi ada za shule. Ninachokijutia ni mchoro. Nilikaa kwenye kikao fundi akiutandaza mezani, nikaangalia idadi ya vyumba, nikaangalia jiko, nikaangalia kama choo kiko ndani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: je, tutakaa wapi tukiwa si chumbani na si barabarani?

Jibu lilikuwa hakuna. Kibaraza ndicho kilichotangulia kufa. Kuanzia ukuta wa jirani wa kulia mpaka wa kushoto kulijengwa fremu, na fremu ya upana wa mlango mmoja na nusu inaingiza kodi ambayo bibi asingeiamini, achilia mbali kilemba anachotoa mpangaji kabla hata hajakabidhiwa ufunguo. Ukipiga hesabu hiyo unaelewa kwa nini lango letu la kupandia juu limebanwa kati ya duka la pazia na duka la vifaa vya simu, jembamba kiasi kwamba wageni wangu hulipita mara mbili. Mchoro ulionyesha maegesho ya magari chini. Hayajawahi kuegesha hata baiskeli. Yakawa stoo, kisha stoo ikagawanywa kwa mbao ikawa stoo tano.

Ukiwa juu, jengo letu na la jirani yanakaribiana kiasi kwamba dirisha langu la jikoni linatazama ukuta, na kati yake kuna tundu la hewa ambalo linaleta kila kitu isipokuwa hewa. Linaleta maji ya viyoyozi yanayodondoka, harufu ya kitunguu cha ghorofa ya tatu, na mazungumzo. Naijua bei anayouzia jirani yangu mashuka kwa jumla na naijua tofauti ya bei hiyo na anayomwambia mumewe. Yeye bila shaka anajua yangu. Lakini tukikutana ngazini tunasalimiana kama watu waliokutana benki. Nyumba ya bibi ilitupa umbali bila kuta, na ghorofa imetupa kuta bila umbali.

Kuhusu kelele niseme kidogo, kwa kuwa ndizo watu wanazoziulizia. Honi unazizoea, jenereta unazizoea, na matangazo ya vipaza sauti vya "elfu tano, elfu tano" baada ya muda huyasikii tena. Sauti ninayoisikia mimi ni ya selotepu. Kuanzia saa kumi jioni, wanunuzi wa mikoani na wa nje wakishamaliza kuchagua, mizigo inaanza kufungwa kando ya barabara, na vijana wa kufunga marobota wanavuta selotepu kwa nguvu moja, krrrr, wanakata kwa jino, krrrr tena. Mmoja ana mtindo wa kupiga kofi robota mara mbili akimaliza. Wakati wa kuelekea Idi au Krismasi krrrr ile inakwenda mpaka usiku wa manane, na alfajiri adhana inaikuta Fuso ikipakia. Mwanangu alipokuwa mdogo alilala vizuri zaidi siku za kazi kuliko Jumapili. Ukimya ulimshtua.

Basi watu walifanyaje bila ua? Waliupandisha juu. Nadhani ni mama mmoja wa ghorofa ya sita aliyeanza, alipochoka kuanika nguo za mtoto mchanga kwenye nondo za dirisha. Akapanda paani, akafunga kamba kati ya tangi la maji na mlingoti wa dishi. Wiki haikuisha kabla kamba ya pili haijafungwa. Kisha likaja jiko la mkaa, maana gesi ni ya chai na mayai, lakini maharage na makongoro yanataka mkaa na muda. Kisha mkeka. Kisha kuku watatu ndani ya tenga, ambao walizua kikao. Siku hizi ukipanda saa kumi na moja jioni, jua likishapoa, utawakuta wanawake wanachambua mchele, watoto wanacheza rede kwenye kipande kisichofika mita sita, na mzee wa ghorofa ya saba kwenye kiti chake cha plastiki anasikiliza redio ambayo tumemwomba mara nyingi apunguze. Zamu za kamba zimeandikwa kwa chaki ubavuni mwa tangi. Hakuna aliyemwiga bibi yangu, hawakumjua. Shida ile ile imezaa chaki ile ile.

Mwekezaji alipogundua alipanda na kufuli. Hapo ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, na nawashauri wenzangu mnaokaa kwenye ubia wa namna hii muisome kabla hamjagombana. Inasema mwenye fleti anamiliki fleti yake kwa hati, lakini ngazi, korido, paa na vitu kama hivyo ni mali ya pamoja ya wenye fleti, ambao wanatakiwa kuwa na chama chao cha kuvisimamia. Paa si la aliyejenga. Tulipomwonyesha, kwa heshima zote, alitoa kufuli. Ila chama chetu hadi leo kina mhuri na madeni, fedha hakina.

Kinachoipima nyumba ya mjini ni msiba. Harusi unaweza kukodi ukumbi, maiti haikodishiwi. Shangazi yangu mdogo alifariki fletini kwetu usiku, kwa ugonjwa aliokuwa nao muda mrefu. Zamani angeoshwa uani, turubai lingefungwa mbele, wanawake wangejaa ukumbini, na kila mtu angejua pa kukaa bila kuambiwa. Sasa tulikuwa na lifti iliyokuwa mbovu na ngazi zinazokata kona kali kila ghorofa. Jeneza lilipandishwa likakwama kona ya ghorofa ya pili. Halikugeuka. Wajomba walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini kama lisimamishwe wima akiwa ndani, jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia likisemwa.

Waliotuokoa ni wabeba mizigo. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili asubuhi, walishaanza kufika kazini, na mmoja aliyekuwa akinisalimia "shikamoo dada" kila siku aliniona mlangoni akajua. Alipanda, akazitazama kona kwa muda, akauliza jambo moja tu: "Mlipandisha friji hapa?" Tukasema ndiyo. Akaita wenzake watatu. Jeneza likarudishwa chini likangoje barabarani. Shangazi akafungwa kwenye mkeka juu ya godoro jembamba, wawili mbele wakishuka kinyumenyume, wawili nyuma wameinua mabega, na kwenye kila kona yule wa kwanza alikuwa akisema "kushoto kwako, mzee, polepole, mguu," kwa sauti ile ile anayosemea mizigo, ila ya chini. Ghorofa tano. Hawakumgusisha ukuta hata mara moja. Chini walimweka kwenye jeneza akapelekwa kuoshwa msikitini, kisha wakavaa kofia zao za kuswalia wakaja kuzika.

Turubai lilifungwa barabarani, mbele ya fremu. Wamachinga wanane au tisa waliondoa meza zao wenyewe kabla hatujawaomba, wakasaidia kupanga viti. Wanaume walikaa pale. Wanawake walikaa paani, wakapika huko huko. Usiku wa pili nilishuka na birika la kahawa nikamkuta yule muuza pazia, ambaye tangu ajenge rafu zake hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, amefungua fremu yake wazee wakae ndani kwa sababu ya manyunyu.

Naomba usiisome hii kama hadithi ya wema wa watu wa Kariakoo. Wema upo, siukatai. Lakini piga hesabu. Wale wamachinga walipoteza mauzo ya siku mbili za wiki nzuri. Wabeba mizigo waliacha mzigo wa asubuhi, ule wenye malipo. Kibaraza tulichokiuza sisi warithi na mwekezaji, tukagawana fedha, walikilipia watu ambao hawana hata tofali moja kwenye jengo lile, na ambao kila baada ya muda mgambo huja kuwaondoa kwa kuziba njia. Mwaka 2021 waliondolewa mitaani kwa tamko, wakarudi kidogo kidogo, na wataondolewa tena. Siku hiyo ikifika mtaa utapumua, nakubali. Sijui tu jeneza lijalo litashushwa na nani.

Njia kuziba ni jambo la hatari, wala sitanii. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu liliungua, lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975. Wengi tuliosimama kwenye mapaa tukiangalia moto hatukuwa tumewahi kulitazama sawasawa jengo lile mchana: miavuli mikubwa ya zege juu, pembeni wazi, hewa inapita, mtu unakatiza chini yake hata kama hununui kitu. Amuli alichora kivuli cha watu wote katikati ya mtaa usio na nafasi. Ghorofa zote zilizokuja baadaye zililizunguka soko hilo na hakuna iliyojifunza kitu kutoka kwake.

Kisha ikaja Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo lilipoanguka kwenye mitaa ya Mchikichi na Congo. Zaidi ya watu 20 walikufa. Kwa siku kadhaa waokoaji walichimba huku waliokwama chini wakisikika. Tuliokaa jirani tulikuwa tunapeleka maji, tunarudi nyumbani, tunaangalia kuta zetu. Wiki ile chama chetu kilikutana bila kuitishwa. Tulishuka wote mpaka kwenye zile stoo tano na kurunzi za simu. Mmoja wa wapangaji alikuwa ameanza kuchonga ukuta ili apate nafasi ya rafu. Tulimsimamisha siku hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee wa redio akipaza sauti. Mhandisi aliyekuja kukagua alisema nguzo ziko salama, akatukataza kugusa chochote chini. Tangu hapo nashuka mwenyewe kila mwisho wa mwezi kuangalia. Kubanana hakuangushi jengo. Jengo huangushwa na anayeamini kila kipande cha nafasi kilichobaki ni biashara inayosubiri kufunguliwa.

Dada yangu alijenga Chanika. Nyumba nzuri, nafasi ya bustani, geti, ukuta uliozungushiwa waya. Anaamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini Posta, na mimi natoka nyumbani saa moja na nusu, nakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu, nafika kabla yake. Ana ua mara nne ya ule wa bibi. Tukienda kumtembelea tunakaa sebuleni, kwa sababu nje kuna jua na hakuna mtu. Jirani yake wa kulia anamjua kwa mlio wa gari. Simcheki, amepata usingizi, amepata mti wa mwembe, na watoto wake hawavuti moshi wa jenereta. Namwonea wivu wakati wa joto la Januari. Lakini alipougua mwaka juzi alihamia kwangu, ghorofa ya tano bila lifti, akasema kule angekufa wajue baada ya siku tatu.

Ninachotaka si kikubwa. Halmashauri ya jiji ikipitisha ramani ya ghorofa inadai maegesho, inadai vyoo, inadai njia ya zimamoto, hata kama baadaye hakuna anayekagua. Idai na hatua moja ya kati. Ghorofa ya kwanza isiyo na fremu, iliyo wazi upande wa mtaa, yenye bomba na ngazi pana inayogeuka na jeneza. Mwekezaji atalia hasara. Alie, atafidia kwa ghorofa ya tisa. Wakati wa msiba patakuwa na turubai, wakati wa Ramadhani patafuturishwa, na siku za kawaida mzee atapata pa kuweka kiti chake.

Kwa sasa tuna paa, nalo limepata mchumba. Kampuni moja ya simu inataka kuweka mnara, na kodi waliyotaja kwa mwezi ingetengeneza lifti na kulipa madeni yote ya chama. Mnara utazungushiwa uzio. Uzio utachukua upande wote wa kamba na jiko. Wa ghorofa ya saba na ya nane wanataka lifti, na siwalaumu, magoti ni yao. Mama wa ghorofa ya sita amesema akikuta fundi juu atamwanikia nepi kwenye helmeti. Mwenyekiti ameahirisha kura mpaka baada ya Idi ili watu wapoe. Kila fleti ina kura moja. Jana nilipopanda kuanua nguo nilimkuta yule mama anapita na daftari, anahesabu walio upande wake, akaniuliza niandike jina. Nimeandika.